Pacha Watatu wa Julai Mosi

Sijawahi kuwa kipa mzuri. Mwaka 1968 timu ya chuo chetu cha Nairobi ilipokwenda Kampala kucheza na wenzetu, nilichukuliwa kama kipa wa akiba, na sina shaka nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na birika kubwa na jiko la mafuta ya taa. Safari ya gari moshi ilikuwa ya usiku na mchana, na vijana wanataka chai. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mengi ninayoyasimulia niliyaona nikiwa benchi.

Siku hizo nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Kiliitwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilizinduliwa Juni 1963, mkuu wake Mwalimu Nyerere, na kilikuwa na vyuo vishiriki vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Uhandisi, usanifu wa majengo na udaktari wa mifugo vilikuwa Nairobi. Ndiyo maana mimi, mtoto wa Tanga niliyezoea joto, nilijikuta Nairobi mwezi wa Julai nimevaa sweta mbili, na ndiyo maana rafiki yangu wa kidato cha sita, mtoto wa Kilema huko Kilimanjaro, alikwenda Dar kusoma sheria. Yeye tulimwita Wakili kabla hajafungua kitabu hata kimoja cha sheria. Mimi nikaitwa Fundi, na jina hilo lilitoka kwenye ugomvi wa safari hiyo ya Kampala.

Timu ya Dar ilikuja Nairobi kwa basi, tukapanda gari moshi pamoja jioni. Ilipofika usiku wa manane tukawa tunapanda kuelekea Timboroa, ambako reli inapita juu kuliko stesheni zote tulizozijua, na baridi yake hupenya hata kwenye mbao za behewa. Nikawasha jiko. Wakili akapokea kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili, halafu badala ya kushukuru akasema, "Lakini nyinyi watu wa Nairobi, chuo chenu ni cha mfalme."

Alikuwa na hoja yake, na alikuwa ameiandaa. Chuo chetu kilianzishwa kwa hati ya kifalme ya Septemba 1951. Kiliitwa Royal Technical College, kikafunguliwa rasmi na binti mfalme Margaret mwezi wa Oktoba 1956. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wameingia Aprili mwaka huo. "Sisi," akasema, "tulizaliwa na wananchi." Akatuhadithia, kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia, habari ya jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba: jinsi chama kilivyojinyima jengo lake chenyewe likawa darasa, na jinsi masomo ya sheria yalivyoanza tarehe 25 Oktoba 1961, nchi ikiwa bado haijapata uhuru, imebakiza wiki sita na siku kadhaa. Wanafunzi walikuwa 14. Mwenzake wa timu akamkatiza, "Kumi na watatu." Wakabishana wao kwa wao hadi kituo kilichofuata. Nimewasikia watu wa Mlimani, yaani wa chuo cha Dar, wakibishania hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile, wengine 13, wengine 14, na kila mmoja anamjua aliyekuwamo.

"Tulianza na sheria," Wakili akahitimisha. "Nyinyi mlianza na misumeno. Chuo cha mafundi. Wewe mwenyewe ni fundi tu." Behewa zima likacheka. Jina likanasa.

Nami nilikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kumpendeza yeyote mle ndani. Kila asubuhi nikienda darasani nilipita karibu na sanamu ya Gandhi. Mgeni angeuliza, Gandhi anafanya nini katika chuo cha Nairobi? Gandhi alipouawa mwaka 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichangishana fedha wajenge chuo cha kumkumbuka. Serikali nayo ilikuwa na mpango wake wa chuo cha ufundi. Vyuo viwili katika mji mmoja mdogo vilionekana ni israfu, basi mwaka 1954 wakakubaliana kuunganisha fedha na majengo, na jamaa wa Gandhi wakapata upande wao wa jengo ndani ya chuo cha mfalme. Sanamu ilizinduliwa Julai 1956 na Radhakrishnan, aliyekuwa makamu wa rais wa India. Kwa hiyo, nikawaambia, ukitaka kumtafuta mwenye chuo chetu utapata karatasi ya mfalme, ardhi ya serikali ya kikoloni na shilingi za wenye maduka ya River Road na Biashara Street. Wananchi na wao walikuwamo, wenye maduka.

"Hao ni wananchi?" akauliza mmoja. Ilikuwa 1968, mwaka ambao maelfu ya Wahindi walikuwa wakiondoka Kenya kwenda Uingereza, na swali lile halikuwa la utani. Hakuna aliyelijibu. Nikaongeza mafuta kwenye jiko.

Wakili, ambaye hakuweza kuacha jambo bila hukumu, akaja na hesabu. Chuo cha Nairobi kilipandishwa daraja na kuruhusiwa kufundisha shahada tarehe 25 Juni 1961. Chao kilianza 25 Oktoba 1961. "Kama tunahesabu chuo kikuu, siyo karakana, basi mmetutangulia miezi minne kamili. Siku kwa siku. Huo ndio ukubwa wenu." Nadhani alikuwa wakili mzuri kuanzia usiku ule.

Tororo ndipo alipopanda Daktari. Baba yake alikuwa mtu wa reli, amekulia kwenye nyumba za reli, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa ingawa ni Mganda. Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari Makerere, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, sisi tukiwa tumejikunja kwa masizi na vumbi. Alitafuta nafasi, akaketi, akasikiliza ugomvi wetu kwa muda mrefu sana bila kusema neno, huku anamenya ndizi. Mwishowe akauliza, "Mnabishana nani wa pili?"

Kimya.

"Maana wa kwanza anajulikana. Mwaka 1922."

Hapo ikabidi tuungane, Dar na Nairobi, kama ndugu waliopigana uwanjani wakamwona mjomba anakuja. Lakini mjomba alikuwa na kumbukumbu. Akatueleza kilima, shule, walimu, jengo kuu jeupe la mwaka 1941, na wakubwa waliopita pale. Akafika kwa Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere kati ya 1943 na 1945. "Kwa hiyo baba wa chuo chenu ni mtoto wetu," akamwambia Wakili. "Nyinyi ni wajukuu."

Wakili akamjibu taratibu, na jibu lile nalikumbuka kuliko mambo mengi muhimu niliyofundishwa. Mwalimu, akasema, alipata diploma pale. Shahada alikwenda kuitafuta Edinburgh. Kwa nini? Kwa sababu Makerere ya wakati ule haikuwa na shahada ya kumpa. Mpaka 1949 ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London ndipo njia ya shahada ilipofunguka. "Mtu akifungua duka la chumvi mwaka 22," akauliza, "mwaka 49 akaanza kuuza vitambaa, je, ataandika mlangoni kuwa anauza vitambaa tangu mwaka 22?"

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na neno langu, nikauliza hao wa 1922 walisoma nini. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mkweli, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake katika mabishano. "Walikuwa 14," akasema. "Walisoma useremala, ujenzi na umakanika."

Behewa likalipuka. Kumi na wanne kama wa Dar, na misumeno kama ya Nairobi! Niliruka juu kama aliyefunga bao, nikamwaga chai ya watu watatu. Kilichonishangaza ni kwamba Daktari hakuona haya hata kidogo. Alinyanyuka, akanipa mkono, akasema, "Basi Fundi ndiye mzee wetu sote." Kuanzia siku hiyo akiniita Fundi huinamisha kichwa kidogo, na jina ambalo Wakili alilitoa kwa kejeli likawa cheo.

Akatuongezea jambo moja ambalo watu wa Makerere hulisimulia kwa kicheko. Kaulimbiu yao ya mwanzo ilisema, kwa maana yake, tuwe wanaume. Mwaka 1945 wasichana wa kwanza wakaingia, sita, na ikabidi kaulimbiu ibadilishwe. Ndiyo hii ya leo ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Wakili akasema hapo ndipo angeanzia kuhesabu yeye. Chuo kinachowafungia nje nusu ya watu bado hakijaanzishwa. Tulidhani ni mzaha wa mwanasheria. Leo sidhani ulikuwa mzaha.

Mechi yenyewe tulifungwa. Sikuingia.

Tulipokuwa tukibishana mle ndani hatukujua kwamba kile kilichotuweka behewa moja kilikuwa kinakwisha. Dalili zilikuwapo. Mwaka 1967 Nairobi ilianza kufundisha udaktari, mwaka uliofuata Dar nayo, na Dar walikuwa wameshaanza kuulizia uhandisi, ambao waliupata mwaka 1973. Mpango wa awali, wa kila chuo kushika fani yake na kuwapokea watoto wa nchi zote tatu, ulikuwa na akili: nchi maskini haziwezi kujenga hospitali tatu za kufundishia kwa mkupuo. Lakini kila serikali ilikuwa ikihesabu viti. Wangapi wetu wako Makerere? Kwa nini madaktari wetu wasubiri nafasi kwa jirani? Kila nyumba ilitaka jiko lake. Sikuwalaumu wakati ule, na sasa nikiangalia idadi ya madaktari waliotoka vyuo vyote vitatu, nalaumu kwa shida. Ninachosikitikia ni lile behewa.

Tulimaliza masomo mwanzoni mwa mwaka 1970, sote watatu, Daktari baada ya miaka yake mitano, Wakili na mimi baada ya mitatu. Tarehe 30 Juni Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikafa. Nilikuwa kazini Tanga, barabarani, nikipima kwa darubini na vijana wawili wa kushika fito, na habari niliisikia kwenye redio ya dukani tuliposimama kununua soda. Mwenye duka hakuinua kichwa. Kesho yake, Julai mosi 1970, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu kwa siku moja: Makerere, Nairobi, Dar es Salaam. Pacha watatu kwa sheria za nchi tatu.

Na hapo ndipo ugomvi wetu wa Timboroa ukawa mkubwa kuliko sisi. Pacha hawa hawalingani umri! Mwaka 2011 Dar es Salaam ilisherehekea miaka 50, ikihesabu kutoka mtaa wa Lumumba. Nilikwenda, nikala pilau. Mwaka 2020 Nairobi nayo ikaadhimisha miaka 50, yenyewe ikihesabu kutoka Julai 1970. Mwaka 2022 Makerere ikasherehekea miaka 100. Kwa hiyo mwaka huo, kwa hesabu zao wenyewe, pacha mmoja alikuwa na miaka 100, mwingine 61, mwingine 52.

Nimelifikiria sana hili, nina muda, ni mstaafu. Nadhani kila mmoja amechagua siku inayompa mzazi anayemtaka. Makerere haina sababu ya kuukimbia ukongwe, ndio mali yake. Ikikubali 1970 itakuwa sawa na wadogo zake. Dar inataka kuzaliwa na chama, katika mwaka wa uhuru. Kwa watu wa Dar, 1970 ni tarehe ya makarani. Nairobi ingeweza kudai 1956, na historia yake huanzia huko inaposimuliwa, lakini keki ya 1970 ni nyepesi kuibeba: haina hati ya mfalme, wala haikulazimishi ueleze kwa wageni Gandhi ametoka wapi. Na ugomvi huu una watoto. Kule Kenya, watu wa Egerton hukumbusha kwamba shule yao ya kilimo Njoro ilianzishwa na Lord Egerton mwaka 1939, miaka mingi kabla ya chuo cha mfalme, ingawa yenyewe iliitwa chuo kikuu mwaka 1987. Huku kwetu Muhimbili, iliyopata kuwa chuo kikuu kamili 2007, nayo hukumbuka shule ya udaktari ya 1963. Siku hizi nikisikia taasisi imetimiza miaka kadhaa, huuliza kwanza, tangu nini?

Anayekosa sherehe ni marehemu. Miaka saba, 1963 hadi 1970, haina keki ya mtu yeyote. Kuna wakati nilitakiwa kuhakikiwa vyeti katika ofisi moja. Binti mmoja mpole akakishika cheti changu kwa ncha za vidole, maana kimeanza kukatika penye mikunjo, akaandika kwenye kompyuta, akafuta, akaandika tena.

"Shikamoo babu, hiki chuo hakimo kwenye mfumo."

"Hakipo tena, mjukuu wangu."

"Kilifungiwa?" Akaniangalia kwa mashaka. Maana kwa rika lake chuo kisichokuwepo ni kile kilichofungiwa kwa kuuza vyeti. Akatafuta kwenye simu, uso ukachangamka. "Nimekiona! Ni hiki cha Baraton, Kenya, cha Wasabato?" Nikamwambia hapana, hicho ni University of Eastern Africa, ni kingine, kizuri, lakini mimi siyo Msabato na nilimaliza kabla hakijawepo. Akauliza kama anaweza kuandika Nairobi. Nikasema Nairobi haikuwa imezaliwa. Akauliza basi nilisoma wapi. Nikasema Nairobi. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Mwisho akachagua neno "Nyingine", akagonga muhuri, na tangu siku hiyo kwenye kumbukumbu za serikali nimesoma Nyingine.

Nilimpigia Wakili kumsimulia, akacheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa ameliepuka tatizo miaka yote kwa kuandika Dar es Salaam, jambo ambalo kisheria, nilimwambia, ni uongo. "Nishtaki," akasema.

Daktari naye alinipigia asubuhi moja ya Septemba 2020. Usiku wa kuamkia siku hiyo jengo kuu la Makerere, lile jeupe lenye mnara wa saa, lilikuwa limeungua, paa limekwenda, na kumbukumbu za karatasi nyingi nalo. Alilia kwenye simu, mzee wa miaka yake. Hakutaja mwaka hata mmoja.

Wakili alifariki 2023. Tulimzika Kilema, kwao, mgombani, ukungu umeshuka mpaka kwenye turubai. Daktari alikuja kwa ndege kutoka Entebbe, amevaa kofia ya miaka 100 ya Makerere, akaivua kanisani. Wakati wa misa mpwa wa marehemu akasoma wasifu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, kisha, "mwaka 1970 alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam." Daktari akaniegemea sikioni. "Mwezi gani?" akanong'ona. Nikamkanyaga mguu.

Baada ya maziko tulikaa na sahani za machalari, mbege ikizunguka kwenye vibuyu kwa waliokuwa na nguvu nayo, na mtoto mkubwa wa Wakili akaja na karatasi. Alikuwa anataka kuandaa tangazo la kumbukumbu la gazetini. "Baba zangu, naomba mnisaidie. Baba alikuwa anasema kila siku kwamba nyinyi ndio mnajua alisoma chuo gani. Sasa niandike nini?"

Daktari akasema aandike Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ndivyo cheti kinavyosema. Kijana akasema watu hawatakielewa. Mimi nikasema basi aandike Dar es Salaam, marehemu mwenyewe alitaka hivyo, na aweke mwaka. Daktari akasema akiweka mwaka lazima aweke na mwezi. Tukabishana hivyo mpaka sahani zikaja kuchukuliwa, na kijana akawa ameshakaa chini, kalamu mkononi, anatutazama kama tulivyokuwa tukitazama mafundi wa reli pale Nakuru wakibishana kuhusu vali ya mvuke. Nikaona nimalize. Nikamwambia aandike maneno mawili tu, kila mtu nchini atayaelewa: alisoma Mlimani.

Kijana akayaandika. Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, na juu ya migomba Kibo ikawa imetokeza nzima, nyeupe kileleni. Daktari akaitazama, akarudisha kofia yake kichwani.

"Mlima upi?" akauliza.